Dada, namba yangu umeitoa wapi?

Swali lenu la wiki hii, simu za matangazo zikizidi unafanyaje, nalijibu nikiwa hapa Kibirizi Kigoma mikono inanuka dagaa, mnisamehe nikikosea herufi.

Wengi watawaambia namba usiyoijua usipokee. Sawa, kwa mwenye mshahara. Mimi wateja wangu wa Dar na Mwanza nusu yao hata sura siwajui, namba wamepewa na mtu aliyepewa na mtu, nisipopokea simu, mteja mzigo ananunua kwa jirani. Sasa siku moja nimeshaanika, wingu likatanda huko ziwani, na anayeanika dagaa anajua hapo ni mbio za kukusanya, simu ikaita, nikajifuta mkono kwenye kitenge nikapokea, "Habari mpendwa mteja!" kumbe mashine, inaniuzia mlio wa simu. Nikakata ikaita tena. Ya tatu mtu kweli, binti ana sauti nzuri huyo, bima. Mvua ikanikuta na beseni mbili chini, na dagaa akilowa kabla hajakauka vizuri rangi inaharibika, bei nayo ndo hivyo tena.

Kublok nimeblok mpaka nimechoka, wanakuja na namba nyingine. Mwanangu akaniwekea programu ya kutambua wapigaji, ikaomba isome majina yote kwenye simu yangu, nikaitoa siku hiyohiyo (yaani nalalamika namba yangu imegawiwa halafu mimi nigawe za wateja wangu?).

Kilichonisaidia ni kuuliza tu, dada namba yangu umeitoa wapi? Wanapata kigugumizi. Halafu namwambia kwa upole kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, nina haki ya kukwambia uache kutumia taarifa zangu kwa matangazo, na Tume ya kupeleka malalamiko ipo, kwa hiyo nitoe kwenye orodha yenu. Yule wa bima alisema "nimekutoa mama" na kweli hajarudi. Mashine haina wa kumwambia, hiyo nilipiga 100 huduma kwa wateja, nikakuta nimeunganishwa huduma mbili sizijui zinakula salio kimyakimya, wakazitoa. Na zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" hata sibishani nazo, nazituma 15040, namba ya kuripoti matapeli, ni bure.

Sio kwamba zimeisha. Juzi kapiga mwingine, mkopo wa haraka, nikamuuliza swali langu akacheka akasema hata yeye kapewa karatasi tu ina namba. Nikamwambia mkopo sitaki, ila dagaa wa Kigoma unakula? Kachukua kilo mbili, nauli ya basi juu yake, na hela kaanza kutuma yeye.