Baada ya Ise, nenda Osatsu
Umeuliza kama pwani ya Toba, mkoani Mie nchini Japani, kuna la kuona baada ya mahekalu makubwa ya Ise. Lipo, tena usilikose! Nenda Osatsu, kijiji cha ama, wanawake wapiga mbizi. Katika hekalu dogo la Shinmei kuna Ishigami, madhabahu ndogo ambapo mwanamke huomba jambo moja tu. Angalia alama ya nyota kwenye vitambaa vya kichwa vya ama: huchorwa kwa mstari mmoja unaorudi ulipoanzia, ili mzamiaji naye arudi juu salama. Hekaluni inama mara mbili, piga makofi mawili, inama tena. Makumbusho ya bahari ya Toba yalifunguliwa 1971. Ghala lake la mashua za mbao linatosha kukuweka asubuhi nzima. Mabasi ni machache, kwa hiyo jua kwanza saa ya kurudi.