Sanduku la Wasomaji: Alama Zilidondokea Wapi?

Msimu wa 2024/25 umefungwa, na barua za mashabiki wa Nairobi zimetufikia kwa wingi. Nyingi zinamtafuta wa kulaumiwa. Sisi tumezijibu kwa kutafuta kwanza mechi zilizoiponza timu, maana lawama bila mechi ni kelele.

Mhariri, Arsenal tumemaliza wa pili mara tatu mfululizo. Mtaani kwetu wengine wanataka kocha Arteta afukuzwe, wengine wanasema tulikosa straika, basi. Ukweli ni upi? – Shabiki wa Kayole

Straika ni sehemu ya ukweli, ndugu, ila si yote. Anza na msimamo wa Ligi Kuu ya England: Liverpool 84, Arsenal 74. Arsenal ilishinda mechi 20, ikatoka sare 14, ikafungwa 4. Sasa angalia Liverpool: nayo ilifungwa 4. Kwa hivyo ubingwa haukupotelea kwenye vichapo. Ulipotelea kwenye sare, na sare zenyewe zina sura moja.

Katika mechi 10 Arsenal ilitangulia kufunga au kuongoza, kisha ikatoka bila ushindi. Nyumbani Emirates: Brighton 1-1, Liverpool 2-2, Aston Villa 2-2 (hapo waliongoza 2-0), Brentford 1-1, Crystal Palace 2-2, na Bournemouth walioshinda 2-1. Ugenini: Manchester City 2-2, Chelsea 1-1, Brighton 1-1, Everton 1-1. Sare 9 kila moja ikila alama 2 ni 18, ongeza 3 za Bournemouth, unapata 21. Pengo lilikuwa 10. Na tazama kwamba 13 kati ya hizo 21 ziliachwa nyumbani, mbele ya mashabiki wao wenyewe.

Kwa nini? Sababu ya kwanza ni nidhamu, na hii haizungumzwi vya kutosha. Agosti dhidi ya Brighton, Declan Rice alikuwa tayari na kadi ya manjano. Arsenal inaongoza 1-0, dakika ya 49, Joel Veltman anataka kupiga frikiki, Rice anausukuma mpira kidogo kwa mguu. Manjano ya pili, nje. Dakika tisa baadaye João Pedro akasawazisha. Septemba kwa City, Leandro Trossard naye akatolewa kwa kuubutua mpira baada ya filimbi, timu ikiwa mbele 2-1. Wenzake wakazuia kipindi chote cha pili, John Stones akawasawazishia katika dakika ya 98. Oktoba, William Saliba akala nyekundu mapema kwa Bournemouth na Arsenal ikafungwa 2-0. Kadi tatu ndani ya mechi nane za kwanza, na mechi hizo tatu ziligharimu alama 7. Mbili kati ya kadi hizo zilitokana na kuugusa mpira uliokwisha kusimamishwa. Unaweza kulalamika kwamba refa alikuwa mkali, lakini mchezaji mwenye manjano hana biashara na mpira uliokufa.

Ya pili ndiyo hiyo ya straika. Bukayo Saka aliumia msuli wa paja Desemba akarudi Aprili. Gabriel Jesus akaumia goti Januari. Kai Havertz akaumia paja Februari wakiwa mazoezini Dubai, na Januari nzima klabu haikuwa imesajili mtu. Mikel Merino, kiungo, ndiye aliyesogezwa mbele. Alijitahidi kweli, mabao yake mawili kwa Leicester yaliokoa siku, lakini Havertz aliyekosa miezi kadhaa bado ndiye aliyemaliza kama mfungaji wao bora wa ligi, kwa mabao 9. Mohamed Salah wa Liverpool alikuwa na 29. Timu isiyo na mtu wa kufunga bao la pili hukaa na uongozi wa bao moja dakika 60, na kosa moja linatosha kuumaliza. Dhidi ya Palace lilikuwa pasi mbovu ya Saliba. Jean-Philippe Mateta akaona kipa ametoka, akauinua mpira juu yake dakika ya 83.

Arteta afukuzwe? Hapana. Ngome yake iliruhusu mabao 34, machache kuliko timu yoyote ya ligi hiyo. Kocha anayejenga ulinzi kama huo hatupwi. Ila adaiwe mambo mawili kwa ukali: kadi za kijinga, na Januari iliyopita bila usajili huku hospitali imejaa.

Mashetani Wekundu wamemaliza wa 15! Kocha Amorim alikuta timu imeoza au yeye ndiye ameiozesha? – Shabiki wa Manchester United, Umoja

Yote mawili, na tarakimu zinaonyesha kila upande. Kabla yake, chini ya Erik ten Hag na kisha Ruud van Nistelrooy, United ilikuwa na alama 15 katika mechi 11. Chini ya Ruben Amorim ilipata alama 27 katika mechi 27: ushindi 7, sare 6, vichapo 14. Kutoka wastani wa 1.36 kwa mechi hadi 1 kamili. Asiyetaka kusema kwamba mambo yalizidi kuharibika anajidanganya.

Mfumo wake wa 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu) unadai vitu viwili ambavyo kikosi hakikuwa navyo. Kwanza, watu wa pembeni wanaopanda na kushuka uwanja mzima kwa dakika 90. Diogo Dalot na Noussair Mazraoui ni mabeki, si mawinga, na Patrick Dorgu alifika dirisha la Januari. Pili, viungo wawili wa kati wenye mapafu. Ukiwaweka Casemiro na Christian Eriksen dhidi ya viungo watatu, daima kuna mpinzani mmoja aliye huru nyuma yao, naye ndiye anayegeuka na kuanza shambulizi. Lilionekana wiki baada ya wiki.

Mbele nako hali ilikuwa ya kusikitisha. Rasmus Højlund mabao 4 ya ligi, Joshua Zirkzee 3. Mastraika wawili, mabao 7 kati ya 44 ya timu. Nyumbani Old Trafford walifungwa mechi 9, na katika 7 kati ya hizo hawakupata hata bao moja: Liverpool, Tottenham, Bournemouth, Newcastle, Crystal Palace, Wolves, West Ham. Mpinzani anakuja, anakaa nyuma, anasubiri mpira upotee. Hakuna aliyeweza kufungua mlango isipokuwa Bruno Fernandes na Amad Diallo.

Kipimo chako cha msimu ujao kiwe hiki: tazama mechi za nyumbani dhidi ya timu za nusu ya chini. Zikianza kuleta mabao, mfumo umekubali. Zikiendelea kuisha 0-1, usisubiri Krismasi.

Tottenham walishika nafasi ya 17 lakini wana kombe la Europa. Nicheke au nilie? – Shabiki wa South B

Furahia kombe kwa moyo wote. Lile bao la Brennan Johnson kwenye fainali pale Bilbao lilikuwa taji la kwanza tangu 2008, na limewapa tiketi ya Ligi ya Mabingwa. Lakini vichapo 22 vya ligi si bahati mbaya. Walifunga mabao 64, sawasawa na Chelsea walioshika nafasi ya nne. Chelsea waliruhusu 43, Tottenham 65. Tatizo halikuwa mbele hata kidogo: mabeki walisimama karibu na mstari wa kati, na Micky van de Ven na Cristian Romero walipoumia hapakuwa na mwenye kasi ya kukimbilia mipira ya nyuma.

K'Ogalo (Gor Mahia) tumemaliza wa pili na tukafika fainali ya kombe. Mbona watu wanasema msimu ulikuwa mbaya? Timu nyingine zingetamani hivyo. – Shabiki wa Kibra

Ndugu, nafasi ya pili ina thamani mahali ambapo inalipa kitu. Hapa Kenya hailipi. Tuna tiketi mbili za Afrika: bingwa wa ligi anakwenda Ligi ya Mabingwa ya CAF (shirikisho la soka la Afrika), na bingwa wa kombe la FKF (shirikisho la soka la Kenya) anakwenda Kombe la Shirikisho. Ligi ilichukuliwa na Kenya Police, kwa mara yao ya kwanza kabisa. Kombe likaenda kwa Nairobi United, waliowafunga Gor 2-1 kwenye fainali wakiwa bado timu ya daraja la pili. Milango yote miwili ikafungwa, na klabu iliyokuwa imetwaa ligi mara 21 ikabaki bila mechi ya Afrika. Huo ndio uzito wake. Hakuna dharau kwa Nairobi United; walistahili.

Chanzo tunakiona kwenye benchi. Msimu ulianza na Leonardo Neiva, ukaendelea na Siniša Mihić, ukaishia kwa Zedekiah Otieno 'Zico'. Kila kocha huja na mazoezi yake, anayemwamini langoni, na anayemtaka acheze namba sita, yaani kiungo mkabaji. Beki aliyezoea kumkaba mtu sasa anaambiwa akabe eneo, na makosa ya namna hiyo hutokea kwenye kona na frikiki, yaani palepale ambapo mechi za ligi yetu huamuliwa. Bingwa mtetezi akibadilisha makocha katikati ya safari, zile sare za ugenini ambazo zamani alizigeuza kuwa ushindi hubaki sare.

Kisha kuna suala la uwanja. Nyayo na Kasarani zilipofungwa kwa ukarabati, mechi za nyumbani za timu za Nairobi zikawa za kuhamahama, nyingine hadi Machakos, zaidi ya kilomita 60. Ligi ya timu 18 ina mechi 17 za nyumbani, yaani alama 51. Faida ya nyumbani ni umati wako na nyasi unazozijua. Ukiviondoa hivyo, umebaki na jina la mwenyeji kwenye karatasi ya refa. Hili liliwaumiza wengi, si Gor peke yao, kwa hivyo halitoshi kuwa udhuru.

Swali la kupeleka kwa viongozi wenu si "tunasajili nani?" Waulizeni kocha ana mkataba wa muda gani na nani anaruhusiwa kuuvunja.

Ingwe hatujaonja ligi tangu 1998. Kila mwaka tunaambiwa tunajenga. Tunajenga nini? – Shabiki wa AFC Leopards, Kawangware

Uchungu wako una haki. Tangu hapo mmepata makombe, la mwisho GOtv Shield ya 2017, lakini ligi imekataa. Jibu letu litahusu pesa kuliko soka, kwa sababu hapo ndipo Leopards ilipokwama, na Gor pia imewahi kuumwa na nyoka huyohuyo.

Mambo huenda hivi. Klabu inamleta mchezaji au kocha wa kigeni, mshahara unachelewa, anaondoka na kwenda FIFA. Kesi ikimwendea vizuri, klabu hupewa siku 45 kulipa. Zikipita, inapigwa marufuku ya kusajili wachezaji wapya, na marufuku hiyo inaweza kuendelea hadi madirisha matatu kamili mfululizo. Wakati huo wachezaji wazuri wanamaliza mikataba na kuondoka bure, wanaobaki wanacheza wakiwa wamechoka au wameumia, na chipukizi anasukumwa kwenye kikosi cha kwanza kabla hajaiva. Adhabu ikiondolewa, klabu inanunua kwa pupa watu kumi kwa mpigo, nusu yao hawafai, mishahara inachelewa tena.

Kwa hivyo kwenye mkutano mkuu wa mwaka, wanachama wadai karatasi moja: orodha ya madeni yote ya wachezaji na makocha wa zamani, kiasi cha kila mmoja, na tarehe ya kulipa. Kiongozi anayetaja majina ya wanaosajiliwa kabla ya kuonyesha karatasi hiyo asipigiwe makofi.

Naipenda hii hesabu yenu ya alama zilizodondoka. Nataka kuifanya mwenyewe msimu ujao kwa klabu yangu ya Shabana. Nianzie wapi? – Dada wa Roysambu

Daftari la mraba linatosha, dada. Kila mechi mstari mmoja: mpinzani, nyumbani au ugenini, nani alitangulia kufunga na dakika ya ngapi, matokeo, kadi nyekundu, na dakika ya kila bao lililoingia kwenu. Acha safu moja ya mwisho kwa alama zilizopotea mkiwa mbele: 2 kwa sare, 3 kwa kufungwa. Safu nyingine iwe ya alama mlizookoa mkiwa nyuma, vinginevyo utaionea timu yako.

Jaza siku hiyohiyo ya mechi. Ukingoja wiki, utakumbuka bao zuri na kusahau kona iliyolileta bao la mpinzani. Mechi usizoziona, waulize watu wawili waliokuwa uwanjani, na wasipokubaliana kuhusu dakika andika kipindi tu.

Kosa la kawaida ni kuhukumu mapema. Mechi tatu hazisemi kitu; fanya jumla ya kwanza baada ya mechi 10. Mabao ya kuanzia dakika ya 76 yakizidi theluthi ya yote mliyofungwa, shuku mazoezi ya pumzi au mabadiliko ya kocha. Mabao mengi yakitoka kwenye kona na frikiki, tatizo ni mpangilio wa kukaba. Makombe weka ukurasa wake peke yake, usiyachanganye na ligi, kwani mechi moja ya mtoano ina penalti na muda wa nyongeza vinavyovuruga hesabu. Na penalti za ligi ziwekee alama ya nyota: mkwaju mmoja huingia takriban mara tatu kati ya nne, kwa hivyo straika mwenye mabao 10, sita yakiwa ya penalti, si sawa na mwenye 10 ya mchezo wa kawaida.