Ubingwa wa upasuaji: hospitali yenye jina au ile ndogo?

Mdogo wangu, umesema una nafasi mbili za ubingwa wa upasuaji, moja hospitali kubwa ya chuo kikuu, nyingine hospitali ndogo isiyovuma, na hujui uchukue ipi. Mimi nilisomea kubwa, nianze na huko.

Faida zipo. Magonjwa ambayo wenzangu waliyasoma vitabuni niliyakuta wodini, na ukitaka ubingwa bobezi baadaye, yaani wa eneo moja tu la upasuaji, jina la hospitali linakutangulia. Lakini panapofundishwa ubingwa bobezi, wanaousomea ndio wanaoshika kisu. Mwaka wa pili nilifungua daftari langu la upasuaji nikakuta kurasa kwa kurasa nimeandika "msaidizi". Nilishasimama kwa muda wa saa sita kwenye upasuaji wa kongosho nikiwa nimeshika ritrakta, kile chombo cha kuvuta kingo za jeraha, vidole vimekufa ganzi, ila kidole tumbo nilikuwa nimetoa kwa mkono wangu mara chache mno. Rafiki yangu aliyekwenda hospitali ndogo alikuwa ameshanipita mbali. Ukimtazama anavyofunga fundo, unajua.

Naye alilipia. Usiku mmoja alifungua tumbo akakuta damu inavuja, haoni inatoka wapi. Bingwa alikuwa nyumbani, na simu ya kwanza haikupokelewa. Akajaza vitambaa, akakandamiza kwa mikono miwili, akasubiri. Mgonjwa alipona, lakini rafiki yangu hakulala vizuri kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kabla ya lolote, uliza: saa tisa usiku nikikwama, nani anakuja, na baada ya dakika ngapi?

Kuhusu saa za kazi, usitosheke na kanuni. Utaratibu huu wa kusomea ubingwa ukifanya kazi hospitalini, alioujenga daktari wa upasuaji Halsted pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 ulitaka madaktari waishi hospitalini kabisa, na mazoea hayo hayajaisha. Marekani kikomo ni saa 80 kwa wiki, kwa wastani wa wiki 4. Umoja wa Ulaya ni 48. Wewe uliza waliokesha jana wametoka saa ngapi leo. Karatasi yangu ilisema saa nne asubuhi, nami nilikuwa natoka saa nane mchana sijatia kitu mdomoni.

Mshahara, kama tofauti ni ndogo, usikuamulie.

Omba kukaa siku nzima kila hospitali. Nenda makabidhiano ya asubuhi, usikilize mkubwa anajibu nini kijana akisema "sikujua". Akifundishwa, hapo panafaa. Akidhalilishwa mbele ya wenzake, jua kesho yake ataficha, na anayeumia ni mgonjwa. Kisha kaa na wanafunzi bila wakubwa wao, uulize wangapi waliacha katikati na kwa nini.

Ningerudi nyuma leo, ningechukua ndogo, kwa sharti kwamba bingwa wa zamu analala hospitalini. Ukiwatembelea, mwombe wa mwaka wa mwisho akuonyeshe daftari lake, halafu uje utuambie mara ngapi ameandika "msaidizi".