Picha za hadubini ya macho mawili zitakazokupa vimo vya kweli

Programu ya kujenga uso wa pande tatu haioni kimo. Inachoona ni nukta ileile imesogea kidogo kati ya picha ya kwanza na ya pili, kisha inapiga hesabu. Pembe kati ya picha mbili ikiwa digrii 10, msogeo unagawanywa kwa 0.174, yaani unakuzwa karibu mara sita. Pikseli moja ikiwa sawa na mikroni 3 za sampuli (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), kosa la pikseli moja tu linazaa kilima cha uongo cha mikroni 17. Ndiyo maana ninasisitiza: asiwepo wa kusogeza nukta isipokuwa umbo la kitu chenyewe.

Hadubini nyingi zenye tundu la kamera hupeleka kwenye kamera njia ya jicho moja tu, kwa hiyo picha ya pili utaipata kwa kuinamisha sampuli. Chonga kabari ya mbao yenye urefu wa milimita 100, upande mmoja uinuke milimita 8.7, hizo ni digrii 5. Bandika sampuli kwenye kibao chake, ikae juu ya kabari, piga picha. Geuza kabari nusu mzunguko, kibao kibaki kimeelekea kulekule, piga tena.

Kama hadubini yako ni ya mtindo wa Greenough, yenye lenzi mbili ndogo kwa chini, kamera inatazama kwa mshazari wa digrii 5 hadi 8. Ukiacha hivyo, uso mzima utatoka kama mteremko. Weka kabari nyingine chini kabisa, hiyo usiigeuze, uirekebishe mpaka mistari ya rula ndogo ya kioo ionekane kali kushoto na kulia kwa pamoja.

Taa ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Chukua jiwe la chokaa la Amboni, Tanga: chembe zake hung'aa, na ule mng'ao haujakaa mahali pamoja juu ya jiwe. Ukiliinamisha unahamia pengine, programu inaufuata ikidhani ni nukta ya jiwe, nawe unapata miiba na mashimo yasiyokuwepo. Zungushia sampuli bomba la karatasi nyeupe nyepesi, taa ziangaze kupitia karatasi. Bomba ligandishwe kwenye kibao ili liiname pamoja na sampuli. Mng'ao ukibaki, weka kichujio cha polaraizi, kinachopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu, mbele ya taa na kingine mbele ya lenzi, ukizungushe hicho cha pili mpaka mng'ao uzime.

Nyuzi za katani zina shida yake. Hunyonya unyevu wa pwani, na taa ya halojeni ikizipiga hukauka na kujisokota. Ukitazama kwa makini utaona ncha ya uzi ikijipinda polepole, na hilo likitokea kati ya picha mbili, jozi hiyo itupe. Tumia LED, na uzi uupige gundi ncha zote mbili. Hiyo LED iendeshwe na pawabenki, maana umeme wa ukutani ukipanda na kushuka, mwanga wa picha mbili hautalingana.

Kwenye kamera, kila kitu kiwe kwa mkono: mwanga, muda, rangi. ISO 100, faili ghafi (RAW), na ule ukali ambao kamera huuongeza yenyewe uzimwe. Zima pangaboi, weka kuchelewa kwa sekunde 10, na kama uko mtaa wenye magari kama Ngamiani, Tanga, subiri lori lipite. Zumu iwekwe kwenye alama inayonasa, kisha usiiguse tena mpaka umepiga na picha ya rula.

Picha za fokasi nyingi zilizounganishwa ninazitilia shaka kwa kazi hii, kwa sababu programu ya kuunganisha hunyoosha na kusogeza kila tabaka. Bora upunguze ukuzaji, au ufunge tundu la mwanga kiasi, mpaka kilele na bonde vyote viwe vikali.

Kabla ya kuamini kimo chochote, pima kioo cha kufunikia sampuli kwa maikromita ya fundi. Cha kawaida huwa na milimita 0.13 hadi 0.19. Kilaze juu ya kioo bapa, nyunyizia juu ya vyote viwili vitone vya wino, upige jozi yake. Kimo cha ngazi kati ya vioo hivyo viwili kikitofautiana na kipimo cha maikromita, pembe yako au rula ina kosa. Na kioo bapa kikitoka kimebonyea kama bakuli, huo ni upotoshaji wa lenzi: hifadhi umbo hilo, ulitoe kwenye kila uso utakaoujenga kwa zumu ileile.