Kampuni yenye dhamira na mshahara pungufu

SWALI: Nimepata ofa mbili. Moja ni ya kampuni kubwa inayojinadi kwamba ipo kwa ajili ya kulinda mazingira, ila mshahara wake uko chini kwa asilimia 20. Nyingine ni ya kampuni ya kawaida. Moyo unanivuta kwa ile ya kwanza. Niangalie nini kabla ya kutia saini?

JIBU: Anza na saa za kazi. Penye dhamira, kazi hugeuka wito, na mwenye wito haoni saa. Tuseme kampuni ya kawaida inalipa 100 kwa juma la saa 40, na hii inalipa 80 lakini watu wake hufanya saa 50. Kwa saa moja, kule unapata 2.5, huku 1.6. Pengo limeshafika asilimia 36. Kwa hiyo tafuta wawili watatu wa idara utakayoingia, si ofisa wa ajira, uwaulize hutoka saa ngapi na nani hujibu ujumbe Jumapili.

Kisha chunguza dhamira yenyewe imeandikwa wapi. Patagonia, kampuni ya Marekani ya mavazi, mwaka 2022 familia ya mwanzilishi ilikabidhi hisa zenye haki ya kupiga kura (asilimia 2) kwa amana maalumu ya kulinda dhamira, na zilizobaki kwa shirika la kupigania mazingira. Kufuli la namna hiyo ni adimu. Kwingi dhamira ipo ukutani tu, na faida ikishuka, au akija mkurugenzi mpya, inafutwa kwa kikao kimoja. Soma katiba ya kampuni, kisha taarifa ya fedha ya mwaka: mapato yanatoka wapi? Kama mengi yanatokana na bidhaa isiyohusiana na dhamira, huenda ndiyo utakayoihudumia.

Ukubwa nao una yake. Bima huwa nzuri, mafunzo yapo, na unaweza kuhama idara bila kuacha kazi. Ila utashika kipande kidogo cha kazi, na jambo la siku moja litasubiri idhini za watu watano. Aliyezoea kampuni ndogo huchoshwa na hili kuliko mshahara.

Ukiahidiwa hisa, uliza ratiba ya kuzipata, kwani hutolewa kidogo kidogo. Iliyozoeleka ni miaka 4, na mwaka wa kwanza hupati kitu: ukiondoka baada ya miezi 11, unatoka mikono mitupu.

Mwisho, nyongeza. Ukiiomba baadaye utakumbushwa kuwa “sote tuko hapa kwa ajili ya dhamira”, na utaona haya kusisitiza. Idai sasa: mkataba utaje tarehe ya kupitia upya mshahara na kigezo kitakachotumika.