Re: Panya kaacha pombe, mbona umeme wa ubongo umepanda?

Habari mkuu. Umesema panya wako walikunywa pombe wiki kadhaa, mawimbi ya ubongo yakawa mazito na ya polepole, sasa umewakatia pombe na siku ya pili EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) imejaa miiba mikali, unahisi elektrodi, zile nyaya za kunasa umeme kichwani, zimelegea.

Mi nilipitia hayohayo. Anza na elektrodi ndio, zicheki, ila usishangae zikiwa nzima. Pombe inaipa nguvu GABA, ile breki ya ubongo, na inabana glutamati, kemikali ya kuuchochea ubongo, ambayo ndo mafuta, sasa ubongo ukikaa hivyo muda mrefu unajirekebisha, unapunguza breki na kuongeza mafuta, halafu wewe unaondoa pombe ghafla, unategemea nini? Umeme unalipuka. Kwa hiyo tafadhali sana chumba kiwe kimya, panya wa hali hiyo hata ukitikisa funguo anaweza kupata degedege na kufa, inaumiza kuona.

Kingine, yale mawimbi ya polepole ya mwanzo usiyaamini haraka. Pombe inashusha joto la mwili wa panya, na baridi peke yake inapunguza kasi ya mawimbi, so pima joto. Na weka kamera, maana panya aliyelala anatoa mawimbi mazito hata kama hajanusa pombe.

Una kundi la panya waliopewa maji tu? Bila hao, na bila kuiona grafu yako, siwezi kukuhakikishia. Itupie hapa, pamoja na saa uliyowakatia.