Jaketi huvuliwa mchangani

Katika safari za ziwani hakuna neno linalonitia hofu kama "tumeshafika."

Mtoto wa mama yangu mdogo alilisema mwaka 2009, tukirudi bara kwa mtumbwi wa injini kutoka kisiwa cha Kome, Ziwa Victoria. Sote tulikuwa tumevaa majaketi okozi, kwa sababu nahodha alikuwa mkali na hakuwasha injini mpaka kila mtu afunge kamba. Katikati ya maji upepo ulituchezea kidogo, ukatulia. Mwalo, yaani ufukwe wa kushukia, ulipoonekana, hata akina mama walioanika dagaa tukawa tunawaona, ndugu yangu akavua jaketi na kulikalia. Joto, alisema. Simu ikaita mfukoni, akasimama aichomoe. Wengine kama wanne nao walishasimama kuvuta mizigo yao.

Wimbi lenyewe halikuwa kubwa. Lilitupiga ubavuni, mtumbwi ukalala. Sisi wenye majaketi tulielea kama madumu. Yeye alikuwa hajui kuogelea, na suruali ya jinzi na viatu vizito vilimvuta. Kutoka pale hadi nchi kavu ungerusha jiwe likafika.

Kwa miaka nilimlaumu nahodha, kisha nikailaumu simu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimekaa ubavuni kwake. Nilimwona akifungua kamba, nikanyamaza, maana na mimi nilikuwa nimeinama natafuta ndala zangu.

Sisi watu wa Mwanza tuna sababu ya kuogopa mwisho wa safari. Meli ya MV Bukoba ilisafiri usiku kucha kutoka Bukoba, ikapinduka asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Makaburi ya wengi wao yako Igoma. MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, ilipinduka ikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220. Siwalaumu abiria hata kidogo, kwani kujaza chombo kupita kiasi ni kosa la wenye chombo. Ninachosema ni kwamba ufukwe kuwa karibu hakukuwaokoa waliokufa.

Na kuna sababu ya kawaida kabisa. Watu wakiwa wamekaa, uzito uko chini na mtumbwi umetulia. Wakisimama kwa pamoja, uzito unapanda juu. Wakisogea upande wa kushukia, chombo kinainama, maji yanaingia, na yakishaingia yanakimbilia upande uleule ulioinama. Hapo hata nahodha hodari hana la kufanya.

Kwa hiyo vaa jaketi ukiwa bado mwaloni, ukaze kamba zote. Usijidanganye kwamba utalivaa mambo yakiharibika. Jaribu siku moja kulivaa ukiwa ndani ya maji, penye kina cha kifua tu na bila mtu anayekung'ang'ania shingoni, ndipo utanielewa. Simu iache ilie. Mtoto avae jaketi la saizi yake, kwa sababu la mkubwa humpanda usoni na anaweza kuchomoka kwa chini. Kama chombo hakina majaketi, subiri kingine, hata kama kesho ni msiba au mnada. Na ukimwona mtu anazama, usimrukie kwa mikono mitupu, atakukumbatia mzame wote. Mrushie dumu tupu la lita 20 lenye kifuniko, likiwa na kamba ni bora zaidi.

Mimi siku hizi jaketi nalivua nikiwa nimekanyaga mchanga. Vijana wanaopokea nauli wananijua, wananiita "mzee wa jaketi." Mwezi uliopita mmoja alinipiga picha nikiwa nalo hadi karibu na meza za wauza samaki, nimelisahau mwilini, wenzake wanacheka. Nilimwomba anitumie ile picha. Nikampelekea mama mdogo.